Kisigino changu na dawa ya umeme
Jamani nimemaliza sesheni 6 za ayontoforesisi kwa fizio mmoja hivi, kisigino kilikuwa kinanitesa kila nikiamka. Hamna sindano, wanakubandika pedi yenye deksamethasoni (dawa ya kutuliza uvimbe) kwenye waya wa hasi, maana dawa yenyewe ina chaji hasi so umeme unaisukuma iingie kwenye ngozi, miliampea 4 dakika 10, unasikia kama sisimizi wanatembea. Maumivu yamepungua ila hayajaisha na ngozi ilibaki nyekundu. Fizio akanipa stori eti huko maabara wanaifungia dawa hiyohiyo kwenye utando wa polipiroli (plastiki inayopitisha umeme), ukiupiga volti hasi unaiachia kidogokidogo, hiyo ndo naitaka mimi! Bei imechangamka, mapokezi wananuna. Nyota 3.