Seti ya titresheni ya nyumbani: bureti safi, kikaratasi kina kosa

Nimeitumia seti hii ya titresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani inatosha kuizima alkali, na mwanangu wa sekondari kwa wiki tatu. Ndani mna bureti (mrija mrefu wenye mistari ya kupimia na koki chini) ya sentimita za ujazo 50, pipeti (mrija wa kuhamishia kiasi kamili) ya 25, asidi ya hidrokloriki, asidi ya salfuriki (H₂SO₄) na hidroksidi ya sodiamu (NaOH), ambayo ni alkali, yaani besi iliyoyeyuka majini. Zote ni za molari 0.1, yaani zina ukolevu sawa. Imo pia fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi kwenye alkali na kupoteza rangi kwenye asidi.

Tulianza na hidrokloriki. Alkali ya sentimita za ujazo 25 kwenye chupa, matone mawili ya fenolfthalini, rangi ya waridi ikakolea. Tukaiachia asidi taratibu, huku chupa ikizungushwa. Ilipofika 25, tone moja tu likaifuta rangi yote. Mwanangu alitulia tuli. "Asidi na besi hutoa chumvi na maji" alikuwa ameikariri zamani, ila hakuwahi kuiona ikitokea.

Zamu ya salfuriki, kikaratasi cha maelekezo kimeandika H₂SO₄ + NaOH → Na₂SO₄ + H₂O, na kwamba itatumika 25 vilevile. Rangi ikapotea kwenye 12.5! Tukarudia: 12.4, halafu 12.5. Nilidhani tumepima vibaya, hadi mwanangu alipoanza kuhesabu atomu kwa kidole: sodiamu moja kushoto, mbili kulia. Akataka kuandika Na₂OH. Nikamzuia: namba ndogo ya chini haiguswi, ukiigusa umebadilisha kitu chenyewe, inayoongezwa ni ya mbele. Akaweka 2 mbele ya NaOH, kisha 2 mbele ya H₂O. Haidrojeni nne kwa nne, oksijeni sita kwa sita. Kumbe molekuli moja ya salfuriki inahitaji NaOH mbili, ndiyo maana nusu ya ujazo ilitosha. Ile 2 aliiona kwenye bureti kabla hajaiandika, na tangu siku hiyo hasawazishi milinganyo kwa kubahatisha.

Bureti yenyewe nimeipenda sana. Mistari inasomeka vizuri, koki haivuji. Hakikisha tu umetoa kiputo cha hewa chini ya koki kabla ya kuanza, la sivyo usomaji wa kwanza utakudanganya. Miwani ya kinga haimo, na hilo kwangu ni kosa kubwa kwa kifaa cha watoto wa shule. Tafuta yako kabla hujafungua chupa yoyote.

Nyota nne kati ya tano. Wauzaji nimeshawaandikia kuhusu ule mlinganyo.