Banjo niliiona, kuisikia sikuisikia

Naandika hii bado nina hasira, mtanisamehe. Jumamosi moja hivi karibuni hapa Louisville, Kentucky kulikuwa na tamasha la mtaa kwenye bustani, bure kabisa, wanamuziki wa hapa hapa, blugrasi kwanza (ule muziki wa nyuzi wa huku, wa banjo na mandolini), halafu bluzi halafu jazi. Nikabeba viti, nikamchukua mwanangu na jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu ambaye toka ahamie hapa anaulizia muziki wa wenyeji. Nikamwambia dada leo utausikia kwao kabisa, maana Kentucky hii ndiko alikozaliwa Bill Monroe, yule wanayemwita baba wa blugrasi, huko Rosine mwaka 1911, na hata jina la blugrasi limetoka kwenye bendi yake.

Tukasikia nini sasa? Besi. Besi tupu, du du du mpaka kifua kinauma.

Kwa ambao hamjawahi kuwaona, hawa watu wa blugrasi wengi wanapenda kusimama wote kuzunguka maiki moja. Dramu hakuna. Mwenye zamu ya solo anasogea mbele, akimaliza anarudi nyuma kumpisha mwenzake, na huko kupishana ndiko kunakopanga sauti. Walikuja na maiki yao hiyo moja, niliiona kwa macho yangu. Fundi mitambo akaiondoa, akampa kila mtu ya kwake na stendi yake, wakaganda hapo hawawezi kusogea. Mandolini ikapotea kabisa. Banjo ndio usiseme, unaona vidole vya mzee vinakimbia lakini mlio hauji.

Nikavumilia nyimbo mbili. Ya tatu nikainuka nikamfuata yule fundi, kwa adabu zangu zote, nikamwambia samahani kaka, kule mbele banjo haisikiki. Hakugeuka. Nikarudia. Akavuta hedifoni sikio moja, akanitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza, kwani wewe unaujua huu muziki? Halafu akamwita kijana mmoja wa kujitolea anirudishe kwenye kiti changu. Mwanangu anaangalia.

Wewe unaujua huu muziki! Nimelala na hilo swali, nimeamka nalo. Banjo jamani, chombo ambacho asili yake ni watu waliotolewa Afrika Magharibi wakafanywa watumwa, wakakiunda kwa kibuyu na ngozi kama vile vya kwao. Na huyo huyo Monroe ujana wake alipiga kwenye madansi pamoja na Arnold Shultz, mpiga gitaa mweusi wa hapa hapa Kentucky, na hakuwahi kuficha kwamba amechota kwake. Mimi nimekulia Morogoro, nyumba ya santuri za Morogoro Jazz, na ingawa ile ni dansi yetu, sio jazi ya huku, solo ikizamishwa na besi naijua hata nikiwa usingizini.

Na kwa kuhangaika na yale mamaiki muda ukaliwa, mzee wa bluzi akapewa nyimbo mbili tu. Mbili! Yupo peke yake na gitaa, dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene chini, vidole vingine vinaimba juu. Jirani yangu akanishika mkono akasema huyu anapiga kama Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Kongo, na kweli, ungefumba macho ungesema uko Katanga miaka ya 50. Akapewa ishara ashuke, akainama kwa heshima, akashuka. Mimi ndio nilibaki na kinyongo.

Jazi nakiri ilisikika vizuri sana, saksafoni safi, dramu haikuzidi, kwa hiyo sitasema jamaa hajui kazi. Anajua, na ndio maana inauma zaidi. Au labda siku ilimwendea vibaya, jua kali, kila mtu anamwita huku na huku... Hapana, hata kama, mtu hajibiwi hivyo.

Nilishaamua nyota moja, kwisha habari. Ila tunatoka, tunapita pakingi, tukamkuta mzee wa banjo amekaa nyuma ya pikapu yake anamsubiri mwenzie, ameipakata anapiga taratibu tu. Pale bila spika ndio nikaisikia, mlio mkavu, vidole vitatu vinafukuzana, ile staili ya Earl Scruggs, gwiji wa banjo ya blugrasi, yenyewe. Mwanangu akagoma kutembea. Mzee akamwita, akamwonyesha ule uzi wa tano, mfupi, unaoanzia katikati ya shingo ya banjo, akamwacha aukwanyue mwenyewe, na jirani yangu ambaye Kiingereza bado kinampa shida akawa anapiga makofi kufuata mdundo, nadhani dakika kumi nzima tulikuwa pale.

Basi wanamuziki wote nyota tano, na yule wa nyimbo mbili ningeweza ningemwongezea. Sauti sitoi hata nusu. Mwakani kama fundi ni yule yule sitakwenda mchana, nitakwenda jioni wakati wanafunga vyombo, nikaitafute ile pikapu.