Jagi, vikombe, kopo na upawa: vipimo vya jikoni kwangu, nilivyoviona

Jagi la plastiki la lita moja ndilo kipimo kinachoshikwa zaidi jikoni kwangu, na nikiulizwa kama lafaa kununuliwa husema lafaa, ila si lolote. Mie hupika mkate wa sinia, ule wa mchele na tui la nazi, na mahamri ya kuuza hapa Majengo, Mombasa, na Ramadhani ikiingia huongeza juisi ya ukwaju, kwa hivyo jagi hilo halikai kabatini. Tui likizidi kidogo tu mkate wabonyea katikati, na mteja hakosi kuona.

Kabla hujaamini mistari ya jagi jipya, chukua chupa ya maji ya lita moja uyamimine yote. Ninalo moja la bei rahisi nililolinunua barabarani: chupa nzima iliingia, maji yakapita mstari wa 1000 kwa upana wa kidole. Sasa ni la kunawia mikono. Mwenye mizani ya jikoni hana haja ya chupa. Aweke jagi tupu juu ya mizani, airudishe kwenye sifuri, kisha atie maji mpaka mstari wa nusu lita. Mililita moja ya maji ni gramu moja, basi mizani yatakiwa isome 500 au karibu yake. Usijaribu kwa mafuta ya kupikia, maana lita yake haifiki kilo. Huwa gramu 920 hivi.

Jagi husomwa likiwa mezani, macho yakiwa sawa na mstari. Ukisimama ukaliangalia kutoka juu, utaona maji yamefika juu kuliko yalipo, na utatia pungufu. Angalia pia kama mistari imechapwa kwa rangi au imechomoza kwenye plastiki yenyewe. Ya rangi huisha mapema kwa kusuguliwa. Ya kuchomoza hudumu, ingawa stima zikipotea usiku ni taabu kuisoma. Na mdomo uwe umechongoka vizuri, la sivyo tui lote lapita ubavuni na kuishia mezani.

Vikombe vya chuma navyo ninavyo, vile vinavyouzwa vinne vinne kwenye pete. Kikubwa changu ni mililita 250. Mapishi ya Wamarekani hutumia kikombe cha 240 au chini yake kidogo, na watu hubishana sana juu ya hilo. Kwa mkate wa sinia haidhuru kitu. Mimi hutia vikombe viwili vya mchele uliolala majini, kimoja na robo cha tui zito, sukari robo tatu, na vyote vikipimwa kwa kikombe kile kile mkate hutoka vile vile. Hata bilauri ya chai ingetosha. Mambo huharibika pale maelezo yanapochanganya vikombe na gramu, au galoni. Galoni ya Uingereza ni lita 4.5 na ushei, ya Marekani haifiki lita 3.8, mwenye kupika pilau ya harusi kwa video ya mtandaoni aulize kwanza ni galoni ya wapi.

Kwenye unga ndipo vikombe vyangu vinapokaa kando. Ukichota unga wa ngano moja kwa moja mfukoni na kuushindilia, kikombe chaweza kuzidi kwa gramu 30 au zaidi kile ulichokijaza kijiko kwa kijiko na kukifuta juu kwa kisu. Unga ni ule ule, kikombe ni kile kile, lakini mahamri ya kwanza yatakuwa magumu na ya pili yatafura. Unga kwa mizani, tui kwa jagi. Kwa hilo sibishani na mtu.

Sokoni Kongowea ni habari nyingine. Kule maharagwe, mbaazi na pojo bado hupimwa kwa kopo, na kopo lenyewe mara nyingi ni lile la mafuta ya kupikia la kilo mbili. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hivyo kopo la kilo mbili za mafuta huchukua zaidi ya lita mbili, na maharagwe yake si lazima yawe kilo mbili. Hilo si wizi, ndivyo kipimo cha ujazo kilivyo. Wizi uko kitakoni. Kuna muuzaji mmoja ambaye kopo lake lilikuwa limegongwa chini likaingia ndani, na kila akijaza alitia na kidole gumba. Juu alinipandishia mlima mzuri wa maharagwe mpaka yakamwagika, nami nikafurahia mlima. Siku hizi huligeuza kopo nikaliangalia kitako kabla ya kuulizia bei. Wauzaji wengine hununa, wengine hucheka na kuniletea jingine. Na kipimo cha mfuto kwenye kopo zima nakitaka kuliko mlima kwenye kopo bovu.

Upawa nitausifu bila aibu. Ni kifuu cha nazi na mti wa kushikia, na hakuna pawa mbili zinazolingana, kwa hivyo kumtajia mtu mapishi kwa upawa ni kumpoteza. Lakini upawa wangu ni ule ule kila asubuhi. Kwenye vibibi, zile chapati laini za mchele, upawa mmoja wa uji wa mchele hutoa kibibi kimoja chenye upana ule ule wa kikaango, wala hauchomi mkono kama kijiko cha chuma.

Vijiko vya kawaida vya mezani sivipi hata nyota moja kwa upande wa dawa. Dawa ya maji ya mtoto ikiandikwa kijiko kimoja cha chai maana yake mililita 5, na vijiko vya droo yangu kila kimoja kina tumbo lake. Sirinji isiyo na sindano, ile ya kutoka duka la dawa, ni rahisi na husoma sawasawa. Hiyo kila nyumba yenye mtoto iwe nayo.

Mtungi wa lita 20 tunauelewa sote, hasa mifereji ikikauka na mikokoteni ya maji ikianza kupita. Ukijaa ni kilo 20 za maji peke yake, ndiyo maana ngazi za ghorofa ya tatu hulipiwa zaidi.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi, na Ramadhani inapoisha hicho ndicho kipimo cha Fitri, zaka ya kumalizia mfungo: pishi kwa kila Mwislamu nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Kila mwaka watu huuliza mbona msikiti huu wasema kilo mbili na nusu na ule kilo tatu. Pishi hupima ujazo, na pishi ya tende, ya mchele na ya unga haziwezi kulingana kwenye mizani. Kibaba cha kwetu ni kopo la bati alilonipa mama. Nilikijaza maji na kuyamimina kwenye jagi, yakafika karibu na mililita 700, basi pishi yetu ni kama lita 2.8, na mchele wake hukaribia kilo mbili na nusu.

Pale maji yalipofika kwenye jagi nilipiga mstari wa kibaba kwa rangi ya kucha. Tangu hapo majirani hubisha hodi kuliazima jagi hilo siku ya mwisho ya kufunga, nami siku hiyo nina oda za mkate mpaka usiku. Atakayetaka aje na jagi lake, nitampigia mstari.