REF5050 kwenye sensa ya usukani: je, inastahili bei yake?

Chipu ya REF5050 ya kampuni ya Texas Instruments hutoa volti 5 zilizotulia, na hiyo ndiyo kazi yake kuu. Nimeitia katika saketi ya sensa ya usukani kwenye boti la faiba linalovusha abiria baina ya Wete na kisiwa cha Fundo, na haya ni maoni yangu kwa mafundi wa Pemba na Unguja wanaojiuliza kama inafaa kuinunua ilhali bei yake ni mara nyingi ya ile ya 7805, chipu ya kawaida ya kudhibiti volti 5 tuliyoizoea.

Sensa yenyewe ni potenshiomita (kikinza kinachobadilika kwa kuzungushwa) ya kilo-omu 10 iliyounganishwa na shina la usukani: ncha zake mbili hupewa volti 5, na mguu wa kati hurudisha volteji inayolingana na mahali usukani ulipo, ambayo husomwa na mita ya kidijitali mbele ya nahodha. Kwa kuwa potenshiomita hii huzunguka digrii 300, kila digrii ni takriban milivolti 17, na hapo ndipo tofauti ya vyanzo inapodhihiri. Kwa mujibu wa maelezo ya watengenezaji, volteji ya 7805 hushuka kwa kiasi cha milivolti 1.1 kila joto linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Sanduku lililowekwa karibu na mashine likipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lilivyokuwa asubuhi, volti 5 zitapungua kwa milivolti 33, na usukani ulionyooka, ambao husomwa kwenye nusu ya volteji hiyo, utaonyesha umepinda digrii moja ilhali hakuna aliyeigusa kana, yaani mkono wa usukani. REF5050 ya daraja la kawaida, ambayo badiliko lake halizidi sehemu 8 kwa milioni kwa kila nyuzi, hupoteza si zaidi ya milivolti 1.2 katika joto hilohilo, kiasi ambacho mita ya nahodha haiwezi hata kukionyesha.

Ila chipu hii ina masharti yake. Haitoi zaidi ya miliampea 10, kwa hiyo ni ya sensa peke yake. Taa na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zitafutiwe njia nyingine. Volteji ya kuingia isizidi 18, na betri ya boti, ingawa huchajiwa kwa volti 14 na kitu, hupitisha miruko ya ghafla ya volteji iliyo mikali zaidi pale vifaa vizito vinapozimwa. Mimi huweka mbele yake 7809, ndugu wa 7805 wa volti 9, inayostahimili hadi volti 35 za kuingia. Kuweka 7805 mbele yake hakufai, kwa sababu REF5050 inahitaji angalau volti 5.2 ili isimame sawasawa. Mashine inapowashwa na betri ikaanguka hadi volti 9, 7809 bado hupitisha takriban 7, na sensa haitikisiki.

Ufungaji wake unataka mkono mtulivu, kwani hata katika umbo lake kubwa zaidi miguu yake minane imeachana kwa milimita 1.27 tu, na haipatikani katika umbo la kuchomeka. Mguu wa kwanza na wa nane usiunganishwe na kitu chochote. Kwenye mguu wa kutolea pawe na kapasita (kihifadhi chaji) ya baina ya mikrofaradi 1 na 50, maana bila ya hiyo chipu haitulii. Kisha ubao wote upakwe vanishi, kwa kuwa chumvi yetu haina simile.

Hata hivyo, si kila sensa ya mkao inaihitaji. Iwapo kifaa kinachosoma kinatumia zile volti 5 zinazolisha potenshiomita kuwa ndiyo kipimo chake, kama ubao mdogo wa kompyuta wa Arduino Uno unavyofanya usipoelekezwa vingine, basi chanzo kikishuka vyote viwili hushuka pamoja na jawabu halibadiliki, na hapo 7805 yenye kapasita zake inatosha kabisa. Kununua REF5050 kwa saketi ya namna hiyo ni israfu. Faida yake huja pale kifaa kinachosoma kina kipimo chake chenyewe, kama mita ya boti hili.

Anayeagiza kwa muuzaji asiyemjua aijaribu kabla ya kuichomelea moja kwa moja: aipe volti 5.5 tu, aweke kapasita yake na potenshiomita, kisha apime. Ya kweli itabaki kwenye 5.00, ya bandia iliyobandikwa jina tu itashuka chini ya hapo.