WinSCP miezi minane studioni kwangu, na neno la siri nililoliondoa nikapoteza siku ya kazi

Nina studio ya picha na video hapa Tanga mjini. Kazi inayotulisha ni harusi, na harusi za kwetu hazikosi shangazi au mjomba aliye Muscat ambaye hakujaliwa kuja, naye anataka video nzima, tangu kuingia kwa bwana harusi mpaka kuagana. Video kama hiyo ikikamilika huwa na gigabaiti 15, pengine 20. Kwa miaka mingi nilizituma kwa flashi, namkabidhi msafiri. Flashi ikifika na virusi, au isipofika kabisa, lawama zinanirudia mimi. Mwaka jana nikakodi nafasi kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali iliyo mtandaoni muda wote, ndipo nikaanza kutafuta programu ya kupandishia faili huko. Nikaishia kwenye WinSCP.

Programu ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya FTP tupu, njia ya zamani ya kupeleka faili mtandaoni, ile inayopita mlango wa mtandao (port) namba 21. Kupandisha ilipandisha. Lakini FTP ilianza mwaka 1971, kompyuta zilizounganishwa zikiwa za kuhesabika, na hutuma jina lako na neno lako la siri yakiwa wazi kama barua isiyotiwa kwenye bahasha. Aliye kwenye mtandao mmoja nawe, akiwa na programu ya kunasia, anayasoma. Nami natumia Waifai moja na duka la jirani pamoja na wapangaji wa ghorofani. Njia nyingine ya kupeleka faili, SFTP, hupita ndani ya SSH, ambayo ni njia salama ya kuunganisha kompyuta mbili, mlango namba 22, na kila kitu husafiri kikiwa kimefungwa kwa msimbo. SSH yenyewe ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, Mfini aliyekuwa kwenye chuo kikuu kimoja cha Helsinki, baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Niliposoma hayo niliiona Waifai yangu. Nikawaandikia wenye seva wanifungulie SFTP, wakafungua.

Nilijaribu FileZilla na WinSCP, zote za bure. FileZilla ni nzuri, na mwenye Mac au Linux ningemwambia aanze na hiyo, kwa sababu WinSCP ni ya Windows peke yake. Mimi nimebaki na WinSCP. Ilianza mwaka 2000 kwa mkono wa Martin Přikryl, huko Prague, na hadi leo inaendelea kutunzwa. Ukiifungua utaona sura ya kizamani, madirisha mawili: kushoto kompyuta yako, kulia seva. Kijana wangu wa studio aliishika siku moja tu.

Kilichonikamata ni namna inavyobeba faili kubwa. Umeme ukikatika au bando likiisha video ikiwa imefika asilimia 70, ukiunganisha tena inakuuliza kama iendelee pale ilipoishia. Tena inapopandisha faili huipa kwanza jina la muda linaloishia na .filepart, kisha ikikamilika ndipo hulirudisha jina lake. Kwangu hilo lina thamani kubwa. Zamani mteja aliye ng'ambo alikuwa akiona jina la video anaanza kuishusha nayo haijafika nusu, halafu ananipigia usiku kuwa imekatika bibi harusi hajatoka chumbani.

Mara ya kwanza kuunganisha, WinSCP itakuonyesha alama ya utambulisho ya seva na kukuuliza kama unaiamini. Usikubali haraka. Waombe wenye seva alama yao, ulinganishe herufi kwa herufi. Siku nyingine ikikuonya kuwa alama imebadilika, simama uwapigie kabla hujaandika neno la siri.

Sasa nije kwenye kompyuta yenyewe, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. WinSCP inakuruhusu kuhifadhi neno la siri la seva ili usiliandike kila mara. Nilihifadhi. Na kompyuta zangu mbili, ya kuhariri na ya kuchapia, zilikuwa zinawaka na kuingia moja kwa moja bila kuuliza kitu, maana wafanyakazi tulikuwa tunapishana. Siku moja mtoto wa mteja aliyekuja kusubiri picha za pasipoti alikaa kwenye kiti, akabofya hapa na pale, na folda ya harusi moja ikafutika kwenye seva. Simlaumu mtoto, mlango niliuacha wazi mimi. Nakala ilikuwepo kwenye diski ya nje, alhamdulillahi, lakini kupandisha upya kulichukua usiku kucha.

Kwenye mipangilio ya usalama ya WinSCP kuna neno kuu la siri. Ukiliweka, maneno yote yaliyohifadhiwa hufungwa kwa msimbo, na programu hukuuliza neno hilo kabla ya kuyatumia. Usipoliweka, yaliyohifadhiwa yamefichwaficha tu, mjuzi anayatoa. Liweke siku ileile ya kwanza.

Kosa langu la pili lilikuwa kuondoa neno la siri. Baada ya kisa cha mtoto kompyuta zilianza kuuliza neno la kuingilia, na kijana akalisahau la kompyuta ya kuchapia mara tatu ndani ya wiki moja. Nikasema basi, nikaliondoa kabisa. Kesho yake asubuhi akaniita, "Mama, hii ya kuhariri haioni folda ya picha." Kweli, kila tukijaribu kuingia kwenye folda ya pamoja, iliyoko kwenye ile ya kuchapia, inakataa. Fundi alikuja, akabadilisha waya, akaondoka. Wateja wa pasipoti wakageuka. Jioni ndipo nikagundua sababu: Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikubali akaunti isiyo na neno la siri kuingia kupitia mtandao. Akaunti hiyo hutumika tu na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo. Ni kinga nzuri, ila hakuna aliyekuwa amenieleza.

Nikaweka PIN, namba fupi ya kuingilia, nikidhani nimemaliza. Ikakataa tena. PIN ni ya kompyuta ile moja tu, haivuki kwenda nyingine. Folda ya pamoja hutaka neno la siri lenyewe la akaunti.

Hatimaye nilifungua akaunti ya pekee kwenye kompyuta ya kuchapia, akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi, yenye neno refu la siri na ruhusa ya folda moja tu ya picha. Kompyuta ya kuhariri inaikumbuka, hakuna anayeliandika kila siku. Kijana ana akaunti yake na PIN yake, mimi ninayo yangu, na WinSCP yenye seva ya wateja iko kwangu peke yangu. Kuingia moja kwa moja nimekuzima kwenye zote mbili. Na kila anayeinuka kitini anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L, skrini inajifunga. Wiki ya kwanza nilikuwa nawakumbusha kwa sauti, sasa hata kijana akienda kuchukua chai vidole vinakwenda vyenyewe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na harusi Chumbageni. Jumatatu usiku video ilianza kupanda, umeme ukakatika saa saba, ukarudi alfajiri. Nilifungua kompyuta, nikaandika neno kuu, nikakubali iendelee ilipoishia, kisha nikaenda kuswali. Saa tatu asubuhi shangazi wa Muscat alikuwa ananiandikia kuwa ameiona yote.