Uzoefu wangu na TP-Link Archer C6: intaneti haikuwa ndogo, ilikuwa inaliwa

Miezi mitatu nimelipia faiba ya Mbps 20 hapa Tabata, na kila ikifika saa mbili usiku naitwa sebuleni: "Mama, video ya hesabu imeganda tena." Nilishaanza kupiga hesabu za kupandisha kifurushi. Kabla sijalipa nikanunua ruta yangu mwenyewe, TP-Link Archer C6, nikaiunganisha kwa waya na boksi la kampuni ya intaneti.

Kuiandaa ni rahisi kweli. Unafungua kivinjari, unaandika tplinkwifi.net, na kabla ya jambo lolote inakutaka utunge nenosiri la kuingilia kwenye setingi. Hapo ilinipata. Boksi la kampuni fundi aliliacha na nenosiri lilelile lililobandikwa chini yake, akaaga, na hakuna aliyeniambia kwamba linabadilishwa.

Ina masafa mawili. Yale ya 2.4 GHz yanafika mpaka jikoni na uani, ila mtaa mzima umo humo humo. Ya 5 GHz yana kasi zaidi, lakini kuta za tofali zinayachosha, na chumba cha nyuma yanafika kwa shida. TV na laptopu nikaziweka 5, simu ya jikoni ikabaki 2.4. Kwenye 2.4 chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa, zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Nilipopima kwa simu nikakuta majirani wamejazana kwenye 6, nikahamia 1.

Ulinzi nikachagua WPA2 yenye AES, aina ya ulinzi inayoficha mawasiliano ya Wi-Fi, na nenosiri la herufi 16. Halafu nikazima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nenosiri, na hili nawasihi msiliache. PIN yake ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua vipande viwili, na tarakimu ya mwisho inatokana na zile za mwanzo. Kwa hiyo mtu wa kubahatisha hahitaji kujaribu mara milioni 100, mara 11,000 zinatosha. Udhaifu huo unajulikana tangu 2011.

Basi nikalala nikijua nimemaliza. Kesho yake saa mbili, video ikaganda.

Nikarudi kwenye boksi la kampuni, nikaingia kwa anwani ya 192.168.1.1, nikafungua orodha ya vifaa. Vilikuwa 14 kwenye Wi-Fi yake, na hakuna hata kimoja chetu! Ruta mpya nilikuwa nimeifunga vizuri, ila Wi-Fi ya boksi ilikuwa bado hewani na nenosiri la fundi. Nikaizima palepale, nikabadilisha pia nenosiri la setingi zake. Ukiweka ruta yako nyuma ya boksi la kampuni, anza na hilo.

Jioni ya pili akaja kijana wa jirani.

"Shikamoo mama. Eti Wi-Fi imekatika?"

"Marahaba. Wi-Fi gani, mwanangu?"

Akanionyesha picha kwenye simu yake: lebo ya boksi letu, kila namba inasomeka. Ilipigwa siku ya maulidi, nyumba ikiwa imejaa watu. Sikuweza kumkasirikia. Yuko kidato cha nne, anatafuta mitihani ya miaka iliyopita, na kwao bando ni la kuunga.

Hapo ndipo Archer C6 ilipolipa hela yangu, maana ina mtandao wa wageni. Nikaufungua kwa jina lake na nenosiri lake, na ile ruhusa ya wageni kufikia vifaa vya nyumbani nikaiacha imezimwa. Kijana anapata intaneti, laptopu yangu haioni. Saa mbili nauzima kwa simu kupitia Tether, programu ya simu ya TP-Link, binti yangu akimaliza somo nauwasha tena, na kijana ameshaizoea ratiba.