TAHADHARI: Kuna tapeli anauza geji bandia za mchanganyiko wa hewa na mafuta, na kabureta bandia za pikipiki, hapa Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira, na wanaonijua wanajua mie si mtu wa kupayuka mitandaoni. Lakini hili nikilinyamazia, kesho ataliwa mwengine.

Baja yangu, ile pikipiki, mnaijua. Mnajua pia ilivyokuwa tangu nilipoitia ile ekzosi ya wazi na filta ya koni. Ukiachia resi inapiga baruti, ukikaa nayo kwenye foleni ya Darajani injini inachemka mpaka goti linaungua. Kwa asiyejua sababu yake: kabureta, inayochanganya hewa na mafuta, imepangwa kiwandani kwa ekzosi ya asili na boksi la hewa lililofungwa. Ukishafungua njia ya hewa huku na njia ya moshi kule, hewa inaingia nyingi, mafuta yanabaki yale yale kwa kuwa tundu la jeti, kile kipande kidogo kinachopitisha mafuta, ni lile lile. Dawa yake ni kubadilisha jeti, kupandisha sindano ya kabureta ili iachie mafuta zaidi, kuchomoa plagi utazame rangi, kisha urudie tena. Ami yangu alinambia hivyo toka mwanzo, na jeti nilikuwa nimeshaanza kuzitafuta, ndipo jitu hili likatokea.

Tangazo lake lilisema anapanga mafuta kwa kompyuta. Mzigo wake ni kabureta ya Keihin ya milimita 28 "mpya kutoka Japani", jeti za ziada, na geji ya kuonyesha uwiano wa hewa na mafuta pamoja na sensa yake ya kuchomeka kwenye ekzosi. Anakuja nyumbani kufunga mwenyewe. Bei laki sita na nusu. Nusu utume kwa simu ili akautoe mzigo bandarini Malindi, nusu akimaliza kazi.

Msinambie "ilikuwaje ukaamini". Geji za namna hiyo zipo kweli duniani, na wanaofanya kazi ya injini kwa makini wanazitumia, hata kwenye pikipiki za kabureta. Petroli inataka hewa kiasi cha 14.7 kwa mafuta 1, kwa uzito, ili iungue yote, na ukivuta resi mpaka mwisho injini inataka mafuta zaidi, namba ishuke kwenye 13 au chini yake kidogo. Hayo ni ya kitabuni, na huyu mtu aliyajua yote. Alikuwa akiongea kwa utulivu, anakuuliza maswali ya maana: umekata boksi la hewa au umelitoa lote, sindano ipo kwenye mkato wa ngapi, plagi ina rangi gani. Watu wawili kwenye kundi letu walimsifu. (Leo najua mmoja wao ni shemegi yake. Mwengine hajibu simu.) Na siku aliyokuja kwangu Fuoni, adhana ya Alasiri ilipolia aliweka spana chini, akaenda msikitini na sisi, akasimama safu ya mbele. Mtu wa namna hiyo utamshuku vipi?

Nisikilizeni alivyofanya, maana atafanya hivyo hivyo kwako.

Alitandika kanga chini, akapanga vyombo kama daktari wa upasuaji. Boksi la kabureta lilikuwa na maandishi ya Kijapani. Akafunga kabureta, akachomeka sensa kwenye tundu alilolitoboa kwenye ekzosi, akavuta waya wake mpaka kwenye kiboksi cheusi chini ya kiti, na kutoka hapo akaleta geji kwenye usukani. Geji ndogo ya duara, namba nyekundu. Akawasha injini. Ikasoma 13.1. Akanambia, "Unaona? Hapo bado haijatulia." Akafungua laptopu, ikatokea michoro ya mistari inayopanda na kushuka, akaiweka juu ya ndoo ili sote tuione.

Kisha akachukua bisibisi, akaanza kuzungusha ile skrubu ya pembeni ya kabureta, robo robo. Huku mkono wa kushoto anafanya skrubu, mkono wa kulia upo kwenye resi. Namba inapanda: 13.4, 13.7, 13.9. Akamwita mdogo wangu aje asome kwa sauti. Mtoto anasoma, jamaa anatikisa kichwa, anarudisha kidogo, anasikiliza mlio. Akasema 14 ndiyo pahala pake kwa mwendo wa kawaida, na mie nikaona kwa macho yangu namba ikitua pale. Majirani walikuwa wamejaa ukutani wanatazama. Nilimlipa nusu iliyobaki palepale, na mama akamtolea chai na maandazi. Akanipa karatasi ya dhamana ya miezi sita yenye muhuri.

Siku za mwanzo pikipiki ilikuwa nyepesi, inachupa. Usiku mmoja nikaona nikiwasha taa zile mbili kubwa, namba inashuka mpaka 12 na kitu. Nikampigia. Akanijibu bila kusita kuwa hewa ya usiku ni nzito, ndiyo maana mchanganyiko unabadilika. Hewa ya usiku! Na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekuhurumia.

Yaliyofuata ni ile safari ya Nungwi. Nimevuka Mahonda, barabara imenyooka, nimevuta resi kwa muda mrefu kidogo kwa kuwa geji inanambia 14, kila kitu sawa. Karibu na Kinyasini injini ikapoteza nguvu, ikalia mlio wa chuma, tairi la nyuma likakaza ghafla. Nilibana klachi kwa bahati tu. Nyuma yangu ilikuwepo daladala imejaa watu, na dereva wake, Mungu amjaalie kheri, alikuwa macho. Ningekuwa nimempakia mdogo wangu siku ile, leo ningekuwa naandika mengine.

Fundi wetu wa Kwerekwe alifungua mbele yangu. Plagi nyeupe pe kama chokaa. Ukingo wa pistoni upande wa ekzosi umeyeyuka, ringi zimenata, ukuta wa silinda una mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha. Akasema hii injini imekaushwa, imenyimwa mafuta ikiwa kwenye mbio. Nikamwambia haiwezekani, geji ilikuwa inasoma vizuri. Akanitazama, akafungua swichi tu. Injini hiyo haina hata kichwa, silinda iko mezani, lakini geji ikawaka na kusoma 12.5.

Uwiano wa hewa na mafuta, kwenye injini isiyokuwepo.

Akabonyeza honi. Namba ikashuka. Akawasha taa, ikashuka zaidi. Kisha akaweka mita yake ya umeme kwenye betri: 12.5 ile ile. Ndugu zangu, ile ni mita ya volti ya betri. Betri iliyotulia ina volti 12 na nusu hivi, injini ikiwaka chaja inaipandisha 13, ukipiga resi inakaribia 14. Jitu limekaa likaona namba za betri zinafanana na namba za mchanganyiko, likafanya biashara. Pale alipokuwa anazungusha skrubu alikuwa anapandisha resi kwa mkono wa pili, basi! Mdogo wangu alikuwa anasoma betri kwa sauti mbele ya mtaa mzima.

Kile kiboksi cheusi tulikipasua. Ndani kimejazwa gundi nyeusi iliyokauka, nyaya mbili zinapita humo kutoka kwenye betri kwenda kwenye geji. Waya wa sensa umekatwa ndani ya gundi, hauendi popote. Na sensa yenyewe ni ya gari kuukuu, ya waya mmoja. Fundi alinionyesha kwenye simu yake sensa ya kweli ya kazi hii, zile Bosch LSU: zina nyaya tano, na ndani yake kuna hita, lazima ipate moto kwanza ndipo isome.

Kabureta nayo ni hadithi nyengine. Jina la Keihin limegongwa juu juu, herufi hazina kina. Kwenye jeti za Keihin namba inakwenda na upana wa tundu, kwa hiyo jeti ya 135 tundu lake ni kama milimita 1.35. Fundi akachukua biti ya drili ya milimita 1.2 akaijaribu kwenye jeti iliyoandikwa 135. Haikupita. Yaani limechukua jeti ndogo, likagonga namba kubwa. Nilidhani nimeongeza mafuta, kumbe nimeyapunguza.

Simu yake haipatikani. Ile ya pili aliyotumia kwenye tangazo inaita kisha inakatwa. Ile karatasi ya dhamana, muhuri wake ni wa duka ambalo nimelizunguka Michenzani yote, halipo. Nimefika kwa sheha, nimefungua kesi polisi, ndiyo maana jina lake silitaji hapa. Lakini nasema wazi: haitoshi mtu huyu kuomba radhi na kurudisha pesa kisha tukamwacha aende zake. Aliyefanya hivi hajaiba laki sita na nusu peke yake. Ametia kifaa cha uongo kwenye chombo ambacho mtu anapanda na mtoto wake. Apelekwe mahakamani, apelekwe Chuo cha Mafunzo, yaani jela, akakae huko miaka, na vyombo vyake vyote vya kazi vitaifishwe. Na yule shemegi yake aliyemsifu kwenye kundi naye aitwe aulizwe. Wallahi siwaachi.

Mnaoniuliza dalili faraghani: fungua swichi bila kuwasha injini, kama geji inasoma 12 na kitu, ni betri hiyo. Bonyeza honi. Vuta resi mpaka mwisho, kama namba inapanda tu na haishuki hata kidogo, mfukuze. Sensa ya waya mmoja, kataa. Na mtu anayepanga kabureta bila kuchomoa plagi hata mara moja, mfukuze pia; tapeli huyu hakuichomoa, aliuliza rangi tu kwa mdomo. Mengine muulizeni fundi, mie kichwa changu hakijatulia. Pistoni ya Baja hapa kisiwani sijaipata mpaka sasa, na bloku linataka kuchongwa.

Kwa wale wa Pemba: nimesikia ameonekana Chake Chake, anatangaza "kupanga mafuta kwa kompyuta" kwa wenye pikipiki za XL na Djebel. Waambieni vijana wa huko.

Aliyeuziwa kifaa hiki asikitupe kwa hasira. Usikipasue, kichomoe hivyo kilivyo, weka pamoja na ujumbe wa malipo kwenye simu, kisha nitafute tuunganishe malalamiko yawe kesi moja. Na kama umeshapanga naye aje kwako, usimwambie kitu. Nijulishe saa na mahali tu.